Kompyuta Iliyozima Haijafa: Namna ya Kutafuta Hitilafu kwa Utaratibu

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mada iliyowasilishwa mbele ya wananchi wa Kata ya Kitendaguro kuhusu kutambua hitilafu za vifaa katika kompyuta za mezani zinazotumika nyumbani.



Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, na hata marufuku hiyo ilipolegezwa, kompyuta iliendelea kwa muda mrefu kuwa mali ya ofisi, ikikaa katika chumba chake na kuguswa na wataalamu wachache. Leo hali ni nyingine. Kompyuta ya mezani imeketi sebuleni, karibu na televisheni, na mara nyingi imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mtoto huandikia kazi za shule, kijana huombea mkopo wa elimu ya juu, mfanyabiashara hushughulikia leseni yake kupitia mfumo wa TAUSI, na kikundi huhifadhi humo hesabu za wanachama. Mashine imefika nyumbani, lakini hofu ya zamani ya kuigusa imekuja nayo. Ikizima, mwenye nyumba husema imekufa, akatafuta fedha za fundi kabla hajajua fundi anakuja kutengeneza nini.

Shabaha ya mada hii ni moja: kompyuta iliyozima haijafa mpaka ipimwe kwa utaratibu. Sehemu kubwa ya utaratibu huo haihitaji fedha wala cheti cha chuo. Inahitaji subira, mwanga wa kutosha, na kujua mahali pa kukomea.

Nyumba moja, kioo cheusi

Uchukuliwe mfano wa nyumba moja ambayo wengi wataitambua, kwa kuwa yaliyoipata huzipata nyumba nyingi. Mama wa nyumba hiyo ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Hisa, mikopo, marejesho na faini, vyote ameviandika katika kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Ni mwezi Desemba, na zimesalia siku nne wanachama wakutane na kugawana fedha za mwaka mzima. Usiku mvua inanyesha, radi inapiga upande wa ziwani, umeme unakatika, unarudi, unakatika tena. Asubuhi mama anabonyeza kitufe. Taa ndogo inawaka, feni inavuma, lakini kioo kinabaki cheusi.

Fundi anayeitwa hafungui kasha. Anasikiliza kidogo, anatamka kwamba ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita madabodi, umeungua. Anataja bei inayozidi hisa zote ambazo mama huyo ameweka kwa mwaka. Anaongeza kwamba mashine ichukuliwe, diski ifutwe na kila kitu kipangwe upya.

Hatari kubwa katika maneno hayo si bei. Ni diski kufutwa. Madabodi, hata ikiwa imeungua kweli, hununuliwa nyingine. Hesabu za kikundi haziuzwi duka lolote. Zikifutwa siku nne kabla ya mgawo, kila mwanachama atakuja na kumbukumbu yake kichwani, na kumbukumbu hizo hazitalingana. Vikundi vingi vimevunjika kwa mambo madogo kuliko hilo.

Mwalimu mstaafu anayeishi jirani anapita kusalimia.

“Shikamoo, Mwalimu. Kompyuta yetu imekufa.”

“Marahaba, mama. Imekufaje? Ulipoiwasha ilitoa sauti gani?”

Swali hilo ndilo mwanzo wa kazi yote. Kusema “imekufa” ni kulalamika. Kuuliza imekufaje ni kuanza kutafuta. Kabla ya mwalimu na mama kuendelea, ni vyema ieleweke kwa nini hitilafu hizi hutokea mara kwa mara katika mazingira haya.

Umeme, radi na unyevu

Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230. Ndani ya kompyuta hakuna kinachotumia umeme wa nguvu hiyo moja kwa moja. Kisanduku cha chuma kilicho nyuma ya kasha, kiitwacho pawa saplai, huupokea na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, volti 5 na volti 3.3, kisha huugawa kwa madabodi, diski na feni. Umeme ukishuka au ukiruka ghafla, kisanduku hicho ndicho kinachopigwa kwanza. Kikishindwa kuhimili, pigo hupita hadi kwenye vipande vilivyo nyuma yake.

Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera ulitegemea umeme uliosafirishwa kutoka Uganda, kupitia Masaka hadi Kyaka. Umeme wowote unaosafiri mbali na kugawanywa katika nyumba nyingi hupungua kadiri njia inavyorefuka. Mwenye nyumba hulitambua jambo hilo jioni, pale taa zinapofifia majirani wote wanapopika na kupiga pasi. Aidha, bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye ngurumo na radi nyingi duniani, na mji wa Bukoba hupokea mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo ndiyo inayostawisha migomba na kahawa, lakini unyevu wake hutia ukungu na kutu katika viunganishi vyembamba vya chuma. Kiangazi kinapofika, vumbi huchukua zamu. Na usiku, taa ikiwaka karibu na dirisha, wadudu wa ziwani huingia, na katika msimu wao senene pia, na baadhi yao huishia ndani ya feni.

Kwa sababu hiyo, kinga ya kwanza ni nyepesi. Ngurumo zikianza, plagi ichomolewe ukutani, pamoja na waya wowote wa mtandao unaotoka nje ya nyumba. Umeme ukikatika, plagi ichomolewe pia, na ukirudi isubiriwe dakika kadhaa hadi utulie. Stabilaiza husaidia umeme unapopanda na kushuka, na kifaa cha akiba ya umeme, kinachojulikana madukani kama UPS, humpa mtumiaji muda wa kuhifadhi kazi na kuzima taratibu. Hata hivyo, hakuna kati ya vifaa hivyo kinachoweza kuzuia radi iliyopiga karibu. Plagi iliyochomolewa ndiyo kinga ya uhakika.

Kabla ya kufungua kasha

Zipo kanuni nne za usalama, na asiyekubali kuzifuata asifungue kasha.

Kwanza, plagi ichomolewe ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Baada ya kuchomoa, kitufe cha kuwashia kibonyezwe na kushikiliwa kwa sekunde kumi hivi, ili umeme uliobaki katika ubao utoke.

Pili, pawa saplai yenyewe haifunguliwi nyumbani. Ndani yake mna vipande mithili ya vipipa vidogo, viitwavyo kapasita, vinavyoweza kushika umeme wa hatari hata baada ya plagi kuchomolewa. Vivyo hivyo kwa vioo vya zamani vyenye mgongo mnene, ambavyo ndani yake hubaki umeme wa maelfu ya volti.

Tatu, sakafu iwe kavu na mwenye kufungua avae viatu. Kabla ya kugusa kipande chochote, aguse chuma cha kasha. Mwili wa mtu hubeba umeme tuli, ambao yeye mwenyewe hausikii lakini unaweza kuharibu kipande cha kompyuta.

Nne, kukiwa na moshi, cheche au harufu ya kuungua, kazi ikome hapo. Mashine isijaribiwe tena hata mara moja, bali apelekewe fundi.

Kwa asiyezoea, ni busara kupiga picha kwa simu kabla ya kuchomoa waya wowote. Picha hiyo ndiyo itakayomkumbusha kila waya ulikuwa umechomekwa wapi.

Kutoka ukutani kwenda ndani

Anayetafuta hitilafu huanzia pale umeme unapoingia, akaufuata mpaka unapoishia. Kila jibu analopata hufunga mlango mmoja, na milango ikibaki michache, hitilafu hukosa pa kujificha.

Aanze na luku: je, yuniti zipo? Kisha soketi: ichomekwe taa au chaja ya simu kwenye soketi ileile. Ekstensheni iondolewe na kompyuta ichomekwe moja kwa moja ukutani, kwani ekstensheni iliyochoka ni chanzo cha hitilafu nyingi zinazosingiziwa kompyuta. Plagi yenye pini tatu bapa huwa na fyuzi ndani yake, nayo ikiungua, waya mzima huonekana umekufa. Kebo ya umeme ya kompyuta na ile ya kioo mara nyingi hufanana. Zibadilishwe, na jibu litapatikana bila gharama yoyote.

Nyuma ya kasha, karibu na mahali kebo inapoingia, mara nyingi pana swichi yenye alama ya mstari na alama ya duara. Mstari ni kuwasha, duara ni kuzima. Mtoto anayefagia nyuma ya meza anaweza kuigusa bila mtu kujua.

Lipo pia jambo linalowahusu hasa wanaonunua kompyuta zilizotumika. Baadhi ya pawa saplai zina kitufe kidogo, aghalabu chekundu, kilichoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Mashine iliyotoka Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni wa volti 120, huweza kufika ikiwa imewekwa kwenye 115. Ikichomekwa hivyo katika umeme wa hapa, huungua papo hapo, mara nyingi kwa mlio unaoshtua nyumba nzima. Mnunuzi atazame nyuma ya kasha kabla ya kuchomeka, na kitufe hicho kisogezwe plagi ikiwa nje ya soketi. Pawa saplai nyingi za siku hizi hazina kitufe hicho kwa kuwa hujirekebisha zenyewe. Maandishi ya ubavuni huonyesha kama zinapokea volti 100 hadi 240.

Katika nyumba ya mama katibu, taa iliwaka na feni ilizunguka. Soketi, kebo na swichi vilikuwa vikipitisha umeme, na pawa saplai ilikuwa ikifanya angalau sehemu ya kazi yake. Mlango wa kwanza ukafungwa bila kutumia senti moja.

Dalili tano na maana zake

Dalili ya kwanza ni ukimya: hakuna taa, hakuna feni. Iwapo soketi na kebo ni nzima, wanaoshukiwa ni wawili, pawa saplai na kitufe cha kuwashia. Fundi mwenye mita hupima pawa saplai kwa dakika chache. Ikiwa imekufa hubadilishwa nzima, na mpya iwe na nguvu isiyopungua ya zamani na viunganishi vinavyolingana.

Dalili ya pili ni ile ya mama katibu: feni inazunguka lakini kioo ni cheusi. Kioo chenyewe kichunguzwe kwanza. Kikiandika kwamba hakipati mawimbi, kina umeme na kinaweza kuandika, kwa hiyo kitafutwe kinachozuia picha kukifikia. Kebo yake ichomolewe na kutazamwa: ile ya zamani ina pini 15, na pini moja ikipinda, rangi huharibika au picha hupotea kabisa. Kama kompyuta ina kadi ya picha ya ziada, kebo ichomekwe kwenye kadi hiyo, si kwenye tundu jingine.

Hapo ndipo swali la mwalimu lina thamani. Kompyuta nyingi za mezani, zikishindwa kuanza, hutoa milio. Maana ya milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji, lakini kuihesabu na kuiandika, mirefu kwa mifupi, humpa fundi habari ambayo asingeipata kwa kukisia.

“Ilikuwa ikilia tii, tii, tii,” mama anakumbuka. “Nikadhani inadai umeme.”

“Haidai umeme, mama. Inataja inapoumwa.”

Milio ya aina hiyo, huku feni ikiendelea, mara nyingi huelekeza kwenye ramu, yaani vibao vyembamba vinavyobeba kumbukumbu ya muda wakati kompyuta inafanya kazi. Vibao hivyo husimama ndani ya mifereji, vikibanwa na vishikizo pande mbili. Unyevu hutia ukungu kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu. Joto la mchana na baridi ya usiku huvilegeza. Plagi ikiwa nje, vishikizo hufunguliwa, kibao huinuliwa kwa kushikwa kingo, meno yake hufutwa kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, kisha kibao hurudishwa na kubonyezwa mpaka vishikizo vyote viwili vilie. Vikiwa viwili, kijaribiwe kimoja kimoja.

Katika mfano huu vilikuwa viwili. Mwalimu alishika tochi, mama akavitoa. Kilipowekwa cha kwanza peke yake, kioo kilibaki cheusi. Kiliwekwa cha pili katika mfereji uleule, na kioo kikawaka. Cha kwanza kilijaribiwa mara nyingine, katika mfereji wa pili, na kioo kikawa cheusi tena. Kibao kimoja kilikuwa kimeharibika. Kingine, madabodi na diski vilikuwa vizima. Kompyuta ilifanya kazi kwa uzito kuliko zamani, kwa kuwa kumbukumbu yake ilikuwa imepungua nusu, lakini daftari la kikundi lilifunguka. Hakuna muujiza uliofanyika. Maswali yaliulizwa kwa mpangilio, na kila jibu likasikilizwa.

Dalili ya tatu ni kompyuta inayowaka vizuri, kisha kuzima yenyewe baada ya dakika chache. Mara nyingi hilo ni joto. Kichakataji, ambacho ndicho moyo wa mashine, hujizima kinapopata joto kupita kiasi ili kisiungue. Vumbi na mabaki ya wadudu huziba feni. Kitambaa kizuri kilichofunika kasha huzuia hewa. Kasha lililosukumwa ukutani hukosa pa kutolea joto. Kitambaa kiondolewe mashine inapofanya kazi, kasha likae mbali kidogo na ukuta na juu ya sakafu, na ndani lisafishwe kwa brashi laini, kavu, huku mapanga ya feni yakishikwa yasizunguke. Kupuliza kwa mdomo hakufai, kwa kuwa mate ni maji. Mashine ya miaka mingi huenda ikahitaji kubadilishiwa grisi ya joto kati ya kichakataji na chuma kinachokipoza, kazi ambayo ni bora kumwachia fundi.

Kasha likiwa wazi, macho yapitie kapasita zilizopo kwenye madabodi. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Iliyovimba kichwani au kuvuja majimaji ya kahawia imekwisha. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipatwa na tatizo hilo duniani kote kwa sababu ya kapasita zenye kemikali duni, na mnunuzi wa mashine ya umri huo ana haki ya kuomba ifunguliwe aone.

Dalili ya nne huwasumbua wengi bila sababu: kila asubuhi kompyuta inadai kuwa ni mwaka wa zamani, na kurasa za intaneti zinakataa kufunguka kwa madai kwamba si salama. Watu husema imeingiwa na virusi. Aghalabu kilichokwisha ni betri bapa ya mviringo, ya volti 3, yenye maandishi CR2032, inayolinda saa ya mashine inapokuwa imezimwa. Tarehe ikikosewa, hati za usalama za kurasa huonekana zimepitwa na wakati au hazijaanza kutumika. Betri hiyo hubadilishwa kwa mkono, nayo haina gharama kubwa.

Dalili ya tano ndiyo ya kuogopwa: diski inayogonga tik-tik, mafaili yanayochukua muda mrefu kufunguka, au maandishi kwamba diski haionekani. Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka, nyingi kwa kasi ya mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na sindano ya kusomea hupita juu yake bila kuzigusa. Ikianza kugonga, kila dakika ya matumizi inaweza kuwa ya mwisho. Michezo na filamu zisimame, na kilicho muhimu kinakiliwe kwanza kabla ya jambo jingine lolote. Diski haifunguliwi, na wala haifutwi kabla ya kunakiliwa. Diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka hazigongi, lakini nazo hufa, na pengine bila kutoa onyo.

Nakala kabla ya tatizo

Kwa hiyo mwenye taarifa za thamani hasubiri dalili. Utaratibu unaopendekezwa na wataalamu ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Kwa kikundi cha akiba, hiyo ina maana ya daftari lililo ndani ya kompyuta, nakala kwenye flashi iliyo kwa mweka hazina, na kurasa zilizochapishwa zilizo kwa mwenyekiti. Nakala ifanywe upya kila baada ya kikao, si mwisho wa mwaka.

Umuhimu wa nakala ya nje hauhitaji maelezo marefu Bukoba. Alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliua watu, likabomoa nyumba na kuharibu vibaya shule, zikiwemo Ihungo na Nyakato. Flashi iliyowekwa katika droo ya meza ileile ya kompyuta si nakala ya nje. Nyumba ikianguka, vyote viwili vimeanguka.

Kumkabidhi fundi

Mada hii haikusudii kuwanyima mafundi riziki. Fundi mwaminifu hufaidika na mteja anayeweza kueleza dalili, kwa kuwa kazi yake hufupika na jina lake hukua. Lakini kabla ya kumkabidhi mashine, mteja anayo haki ya kuuliza maswali manne. Ni kipande gani kimeharibika, na kimejulikanaje? Kipande cha zamani kitarudishwa? Bei ni ngapi, na iko wapi karatasi yake? Na je, diski itaguswa? Anayejibu “ubao umekufa” bila kufungua kasha hajajibu swali la kwanza.

Kama hitilafu haihusu diski, diski inaweza kutolewa na kubaki nyumbani. Si suala la kumshuku mtu. Daftari la kikundi lina majina, namba za simu na madeni ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za namna hiyo zilindwe.

Vipande vilivyokufa kweli visichomwe kwenye shimo la taka wala kutupwa shambani. Baadhi vina risasi na kemikali nyingine, na moshi wa waya zinazoungua ni sumu. Vitengwe na taka za jikoni, vihifadhiwe pakavu, na vikabidhiwe kwa wakusanyaji wenye kibali.

Vijana wa kata wenye ujuzi wa kazi hii nao wanakumbushwa kwamba Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wanaotengeneza kompyuta kwa uaminifu, kwa risiti na kwa dhamana, kingekuwa huduma inayohitajika. Maelezo ya kujiunga yanapatikana kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.

Ndugu wananchi, katika ile nyumba ya mfano, siku ya mgawo ilifika. Mama katibu alikuja na karatasi zilizochapishwa, kila mwanachama akasoma jina lake na hisa zake, na mabishano yaliyokuwapo yakawa ya faini ya mtu mmoja aliyedai hakuchelewa. Kibao kibovu cha ramu kilikuwa ndani ya bahasha, kingojee fedha ya kukibadilisha. Nyuma ya bahasha mama alikuwa ameandika tarehe, idadi ya milio, na mfereji uliojaribiwa. Fundi atakayekuja safari ijayo hatakuwa na haja ya kuanza kwa kukisia.